Mwalimu Audax na Jozi Sita za Platini

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunaomba masikio yenu, na mtuwie radhi tukionekana tunatabasamu msibani, kwani maisha ya ndugu yetu hayasimuliki kwa uso uliokunjwa.

Marehemu Mwalimu Audax Kamuhabwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Kanyigo, Bukoba, akasoma shule ya misheni ya hapo hapo, kisha Tabora, kisha Makerere alikohitimu fizikia mwaka 1957, na tangu Januari 1958 mpaka anaugua alifundisha sekondari hapa Dar es Salaam, makazi yake yakiwa Kinondoni. Tarehe 6 Agosti 1960 alifunga ndoa takatifu na Bibi Demetria Kokushubila, wakajaliwa watoto wawili, Adelard na Eufrazia.

Mwaka 1977 alirudi kutoka likizo ya masomo Uholanzi akiwa hashikiki kwa furaha, akimweleza kila aliyekubali kusimama kwamba chembe zilizojazana ndani ya kiini cha atomu nzito hazihesabiki moja moja ukamaliza, ila ukizichukua mbili mbili, kila jozi ukaifanya kitu kimoja kiitwacho bosoni, basi kiini cha platini, metali nzito kama dhahabu, kinakuachia jozi sita tu za kushughulika nazo, na tabia yake unaweza kuitafuta kwa kalamu. Kompyuta hakuwa nayo, kuziingiza nchini kulikuwa kumezuiwa, hivyo majedwali ya hesabu hizo akayapeleka kwenye darasa la kisomo alilofundisha jioni pale Manzese, watu wazima kumi na mmoja waliojua kuzidisha juzi juzi tu, kila mmoja akafanya hesabu moja na kumpa jirani karatasi.

Tarehe 22 Mei 1979 jibu halikuoana na kipimo cha maabara kilichomo kitabuni, marehemu akamwambia Bi. Mwamvita Sadallah, muuza vitumbua, mbele ya darasa zima, kwamba amekosea, naye akajibu kwamba yake ameirudia mara tatu, mwalimu akatazame ya kwake, akajifunga khanga akaondoka. Miezi mitano marehemu alikosa raha, hadi alipogundua kuwa ni yeye mwenyewe aliyesahau alama ya kutoa alipokuwa akinakili. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa miguu hadi Manzese, akaomba radhi mbele ya wateja, na Bi. Mwamvita, kwa maelezo yake mwenyewe, alimwacha asimame kidogo kwanza, ndipo akamwambia alete karatasi.

Juni 1982 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Muhimbili tarehe 3 Septemba, akiwa amebakiza kukokotoa kiwango kimoja tu cha nishati ya kiini hicho, kile ambacho kingeonyesha kama njia ya jozi inaifaa platini au la, na hofu yake ilikuwa moja tu, kuondoka bila kujua. Darasa likamaliza kazi bila mwalimu, na tarehe 6 Oktoba Bi. Mwamvita akaingia wodini na jibu, marehemu akalipitia mstari kwa mstari kwa kidole, akaomba kitabu cha vipimo, na tofauti ilikuwa ndogo mno, akacheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kulikoni. Alifariki tarehe 9 Oktoba 1982, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kinondoni, walimu wenzake, na ninyi darasa la Manzese, mlioketi hapa pamoja na familia kwa agizo lake. Kalamu ilipomshinda, alimwomba Eufrazia amwandikie chini ya lile jibu maneno haya, kwamba limehakikiwa na Mwamvita Sadallah, na mwalimu hana la kusahihisha.

Basi pumzika kwa amani, Mwalimu Audax, jibu umeliona.