Bi Verlene Kucera na Swali Lisiloulizwa Nebraska

Baada ya miaka thelathini na sita katika ofisi yetu ya kilimo ya wilaya ya Plum Fork, Bi Verlene Kucera anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025. Alikuja mwaka 1989 kumshikia nafasi mwenzetu aliyekwenda kujifungua, kwa miezi mitatu tu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba miezi hiyo imekwisha.

Amefanya kazi chini ya wakuu tisa, mimi nikiwa wa tisa na, kwa kauli yake mwenyewe, "si mbaya sana." Amezika mifumo mitano ya kompyuta. Anaijua mipaka ya kila shamba, na ramani ikimpinga huitazama kwa huruma. Kila Ijumaa hutuletea kolache, mikate yake midogo yenye matunda katikati, akiapa kwamba ameoka kumi na miwili. Sijawahi kukuta zaidi ya tisa.

Lakini acha niseme la mwaka wa korona, hata kama linaniaibisha.

Viwanda vya nyama vilifungwa, bei ya ng'ombe ikaporomoka, na serikali ikatangaza malipo ya kuwafidia wafugaji. Maombi tuliyapokea nje, wao wakiwa ndani ya pikapu, sisi tumevaa barakoa. Fomu ilitaka kila mfugaji ataje idadi ya ng'ombe wake. Nilikuwa nimetoka mjini majuzi tu, na sikujua kwamba huku swali hilo ni sawa na kumwuliza mtu ana kiasi gani benki.

Mzee Orrin Haskett alifika siku mbili kabla ya maombi kufungwa. Nikamwuliza kwa sauti, magari matatu yakisikia: "Una ng'ombe wangapi?" Akapandisha kioo, akaondoka. Nilidhani amesahau kitambulisho.

"Bosi, unajua umefanya nini?" Verlene aliniuliza. "Asipopata fedha hizi, benki itamlazimisha auze kundi lote. Na kundi lile marehemu mkewe ndiye aliyelianzisha."

Kesho yake akampigia simu aje kuangalia ramani ya shamba. Mimi niliamriwa nikae mbali, nikakaa, ingawa si mbali sana. Wakaongea mvua. Wakaongea nyasi. Kisha Verlene akalalamikia bei ya dawa za mifugo.

"Usiniambie mimi habari za dawa!" Orrin akawaka. "Chanjo ya kundi mwaka huu, chupa nane, dozi hamsini kila moja! Na ya mwisho nikamwaga dozi kumi na mbili!"

Verlene akazidisha, akatoa, akaandika, akampitishia fomu dirishani mwa pikapu. "Soma hapo. Kama si kweli, futa."

Akasoma. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena. "Mia tatu themanini na nane. Nani kakwambia?"

"Wewe, mzee. Tia saini."

"Mama, wewe ni hatari," akasema, akasaini.

Tangu siku ile Verlene alichukua nafasi yangu dirishani, nami nikapewa kazi ya kuelekeza magari. Nimeambiwa niliifanya vizuri. Hakuna mfugaji wa wilaya hii aliyepitwa na muda wa mwisho.

Fedha zilifika, kundi halikuuzwa, na leo binti yake Orrin, Corliss, ndiye anayeliendesha. Vuli ile mzee alituletea makasha ya nyama. Kanuni zinatukataza zawadi, kwa hiyo Verlene aliyarudisha yote kwenye pikapu kwa mikono yake, huku akimfokea. Mzee alirudi nayo kila vuli, na kila vuli akafokewa.

Jana Orrin alinipigia simu, akitaka kujua mtumishi wa serikali huacha kuwa mtumishi saa ngapi hasa. Nikamjibu: Ijumaa, saa kumi na nusu jioni.

Verlene, tunakushukuru kwa yote, na kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya na siku ndefu zenye raha. Nenda nyumbani ukasafishe friza.