Bwana Ansbert na Madebe Sitini na Mawili ya Kunduchi

Jumamosi hii, tarehe 29 Juni 1957, Bwana Ansbert Rwegoshora anarudisha ufunguo wa kabati lake. Ametumikia serikali miaka ishirini na sita, kumi ya mwisho akiwa nasi hapa ofisi ya maendeleo, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vitongoji vya nje ya mji, kukagua miradi, kisha kutuambia kama imefaulu au imetupiga chenga. Wenzangu wameniomba niandike habari zake kwa kifupi. Kwa kifupi haitawezekana, lakini nitajaribu.

Alizaliwa Bukoba, akasomeshwa na mapadri, akaja Dar es Salaam mwaka 1931 na sanduku la bati na mwandiko ambao hata leo makarani vijana wanauonea wivu. Kwa miaka kumi na sita alikuwa karani wa bohari, akihesabu majembe na mabati. Mwaka 1947 wakubwa wakaona kwamba mtu aliyehesabu mabati miaka yote hiyo bila kupoteza hata moja ataweza kuhesabu visima na vyoo pia. Wakamleta kwetu. Hawakukosea, ila kuhesabu nako kuna mambo yake.

Nani hapa asiyemjua kwa mwavuli wake mweusi? Masika, kiangazi, mwavuli umefungwa kwenye baiskeli. Ukimuuliza mvua iko wapi, hukujibu kwamba kwao Bukoba mvua haibishi hodi. Tunamjua pia kwa buni za kutafuna anazoletewa na ndugu zake, ambazo ametugawia kwa ukarimu hata sisi tusiojua tunatafuna nini. Na tunajua kwamba miaka kumi ya kwenda pwani haijamfundisha kula pweza. Akikaribishwa, husema daktari amemkataza. Daktari huyo hatujapata kumwona.

Katika ukaguzi alikuwa na njia yake mwenyewe. Kule Madale, tulipohimiza watu kuchimba vyoo, taarifa ya kwanza ilisema vyoo thelathini vimekamilika, na ni kweli vilikuwepo. Bwana Ansbert hakuangalia vyoo. Aliangalia vijia vya kwendea. Kijia kikiwa kimeota majani, aliandika choo hakitumiki, akaendelea na safari. Siku hiyo alirudi na vyoo kumi na saba na viatu vimejaa upupu. Alijikuna mpaka Alhamisi, maskini, na sie tulimcheka mpaka Ijumaa.

Chang'ombe kulikuwa na darasa la jioni la watu wazima. Daftari la mahudhurio lilijaa majina arobaini. Bwana Ansbert akawaomba wanafunzi kila mmoja aandike barua kwao, na baada ya miezi miwili akarudi kuuliza nani amejibiwa. Walijibiwa kumi na wanne. Mmoja wao, fundi Gregori, mchonga vinyago kutoka kusini, alilalamika kwamba darasa limemtia matatani. Zamani mkewe hakuwa na njia ya kumfikia. Sasa amemwandikia kurasa mbili kwa mkono wa mwalimu wa kijijini, akidai kanga tangu Pasaka ya mwaka juzi. Bwana Ansbert aliandika kwamba mradi umefaulu, hasa kwa mke wa Gregori.

Lakini nikisimulia upupu na kanga tu nitakuwa nimekwepa jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni kisima cha Kunduchi.

Mwishoni mwa mwaka 1951 tulichimba kisima Kunduchi, tukakijengea kwa saruji na kukiwekea gurudumu la kuvutia kamba. Kilikuwa kisima cha mfano. Kikifaulu, vinne vingine vya namna hiyo hiyo vingechimbwa kufuata pwani. Bwana Ansbert alitumwa kukikagua mara tatu, na kila mara, kama ilivyokuwa desturi, barua ilitangulia kwa jumbe wa kijiji kumwarifu siku na saa. Mara zote tatu alikuta wanawake wamepanga foleni, kamba inalia, madebe yanajaa, na vigelegele juu. Safari ya tatu alihesabu madebe sitini na mawili katika asubuhi moja. Akaandika kwa ule mwandiko wake: kisima kinatumika na watu wanakifurahia. Bwana Mkubwa wa ofisi alifurahi kupita kiasi, akaipeleka habari hiyo juu. Wakati huo huo jina la Bwana Ansbert likapelekwa kwa cheo cha Karani Mkuu wa Ukaguzi, cheo ambacho kingempandisha mshahara na malipo yake ya uzeeni. Alikuwa na watoto watano, wawili wakiwa shule ya bweni. Nyumbani mkewe, mama Genoveva, alikwisha kununua vitambaa vya mapazia mapya.

Basi Jumapili moja ya Aprili 1952 mama Genoveva akamtuma samaki. Akaenda Kunduchi kama mnunuzi yeyote, bila barua na bila daftari. Alipopita kisimani hakumkuta mtu. Mbuzi wawili walikuwa wamelala kwenye saruji, na kamba ilikuwa imekauka. Akadhani ni kwa kuwa ni Jumapili, ingawa wenyeji wa pale wengi ni Waislamu na Jumapili kwao ni siku kama nyingine. Mtu akitaka kudanganyika hakosi sababu.

Akafika kwa Bi Hija, muuza samaki, mmoja wa wale waliokuwa mbele ya foleni siku za ukaguzi. Bi Hija akamkaribisha chai. Bwana Ansbert akainywa, akaisifu, akasema kweli kisima hiki kimewafaa. Bi Hija akacheka, kisha akaona haya, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Wallahi, hii si ya kisimani, mwanangu. Haya ni maji ya bondeni, nimeyafuata alfajiri, mwendo wa saa nzima kwenda tu. Ya kisimani yaligeuka chumvi mwezi wa pili tu, hata maharage hayaivi.

Bwana Ansbert akauliza, na yale madebe sitini na mawili? Ee, baba, si tuliambiwa mgeni anakuja? Mtu ametoka mjini kwa baiskeli, jua linamchoma, kaja na kitabu chake, akihesabu uso unamng'aa. Nani amwambie mgeni kama huyo kwamba zawadi aliyotuletea ni chumvi? Waliteka, wakabeba, wakayamwaga nyuma ya ua, wakarudi tena kupanga foleni. Mengine aliyahesabu mara mbili na tatu. Kwa Bi Hija hapakuwa na udanganyifu wowote. Ilikuwa adabu.

Bwana Ansbert ameniambia mwenyewe kwamba hakuweza kuwakasirikia. Hata kwao Bukoba mgeni haambiwi shida za nyumba. Kilichomuuma ni kwamba siku zote tatu alisimama hatua mbili kutoka kwenye maji yale, kiu imemshika, na hakuomba hata kata moja aonje.

Hebu fikirini alivyorudi na wale samaki. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Cheo ni chake, watoto wabaki bwenini, mapazia yatundikwe. Lakini visima vinne vingechimbwa kwa kina kile kile, karibu vile vile na bahari, na wanawake wa vijiji vinne wangeendelea kutembea alfajiri na madebe kichwani huku vitabu vyetu vikisema wana maji mlangoni.

Jumatatu asubuhi barua ilikuwa mezani kwa Bwana Mkubwa. Nimeisoma mara nyingi, maana nakala yake ipo kabatini. Ina mistari minne: "Nilihesabu madebe. Sikuonja maji. Maji ni ya chumvi na hayanyweki. Kosa ni langu, si la wanawake wa Kunduchi, na naomba jumbe wao asiulizwe kitu."

Kukazuka moto. Aliitwa, akakemewa, akashauriwa aandike kwamba maji yamebadilika ghafla kwa sababu ya majira. Akakataa kwa heshima zote, mikono nyuma. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya vyeo na halikurudishwa tena. Anastaafu leo katika daraja lile lile alilokuwa nalo mwaka ule, na malipo ya uzeeni ya daraja hilo.

Visima vinne vilisimamishwa. Mwaka uliofuata Bwana Ansbert aliwafuata kina Bi Hija kwa miguu hadi bondeni, wakamwonyesha maji matamu yanapotokea, na hapo ndipo tulipochimba. Yakanywewa. Yanaendelea kunywewa hadi leo. Barua za kutangulia tuliziacha kabisa, na mkaguzi wetu yeyote sasa, akifika kijijini, kwanza huomba maji ya kunywa nyumbani kwa mtu. Kwa kazi hiyo tunakushukuru, Bwana Ansbert, na mama Genoveva tunamshukuru kwa kukutuma samaki. Jumatatu mtapanda treni kwenda Mwanza na kuvuka ziwa kwenda kwenu. Safari iwe ya heri, migomba muikute imesitawi, na uzee wenu uwe mwororo.

Nilitaka kuishia hapo, lakini itakuwa nami nimemwaga maji nyuma ya ua.

Kile cheo cha Karani Mkuu wa Ukaguzi hakikukaa wazi. Alipewa karani mwenye miaka minne tu kazini, aliyekuwa hajui hata njia ya Madale. Siku ya kwanza Bwana Ansbert alimkuta amekaa mbele ya mafaili hajui aanzie wapi. Akavuta kiti, akaketi kando yake, akamfundisha kazi ile wiki sita, bila neno moja la uchungu. Na kila asubuhi kwa miaka mitano, karani yule alipoingia, Bwana Ansbert aliinuka kitini kwa ajili yake, kwa sababu kanuni inasema mdogo wa cheo humwinukia mkubwa.

Karani yule ni mimi. Sikuwahi kumwambia asiinuke. Niliona haya, kisha nikazoea, na kuzoea kwangu ndiko ninakokuona vibaya zaidi. Nilikula matunda ya ukweli wake na sikusema asante.

Leo akiingia ukumbini, nawaomba nyote mbaki mmekaa kidogo. Wa kwanza kuinuka nataka niwe mimi. Shikamoo, Bwana Ansbert. Asante sana.

Didas Mapunda
Karani Mkuu wa Ukaguzi