Matunda Mabichi Tu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ushirika, Ndugu Meneja, wajumbe wa Kamati, wakulima wetu, ndugu wapagazi, na wewe Mama Mtunza Ghala tunayekuaga leo: wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za mchana.

Kabla sijaendelea, nawasihi maneno yangu yote yaishie humu ukumbini. Mimi ni karani mwenye miezi saba kazini, na mama yangu bado anawaringia majirani kwamba mwanawe ameshika kalamu ya Ushirika.

Nimepewa karatasi ya kusoma wasifu wa Mama. Inataja miaka yake ishirini na sita, lakini chumba cha baridi haikitaji, nami najua kwa nini.

Chumba kile alikibuni yeye: kuta mbili za matofali, katikati mchanga, na mchanga humwagiwa maji asubuhi na jioni. Hakina umeme wala dawa. Wapagazi walikiita jokofu la masikini, wakacheka, kisha wakaona maembe yaliyokuwa yakilainika kwa siku sita yanakaa siku kumi na tisa. Sharti lilikuwa moja tu: lisiingie tunda lililoiva, kwa sababu tunda bivu hutoa hewa inayowaivisha jirani zake.

Mwezi uliopita Mama aliniomba niandike sharti hilo mlangoni. Nilibana karatasi kwa pini nne, nimeandika kwa herufi kubwa: MATUNDA MABICHI TU. Mama alisimama akaisoma karatasi yangu, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, mabichi gani? Yasiyoiva, au yaliyochumwa leo?”

Nilimjibu nini, ndugu zangu? Nilimjibu, “Mama, mimi nimesoma. Hicho ni Kiswahili chepesi.”

Siku mbili baadaye Mama alikwenda kliniki. Yakaja mapapai yaliyoiva, yamechumwa asubuhi ileile. Mpagazi mmoja, yule tunayemwita Profesa, akasoma mlangoni akawaambia wenzake, “Haya ni mabichi kabisa, hata umande haujakauka. Ingizeni.” Je, alikosea kusoma? Hakukosea. Walipofungua siku ya nne, maembe yote yalikuwa yameiva kwa pamoja, na yaliyokuwa chini yalichuruzika maji. Makreti mia mbili na kumi, jasho lenu wakulima mlioketi hapa, yalikwenda shimo la mboji.

Mimi nilifanya nini? Niliwahi mlangoni, nikaibandua karatasi, nikaikunja mfukoni.

Kamati ilipokaa, iliamua kwamba chumba hakifai, kivunjwe Jumatatu, na matunda yaanze kupuliziwa dawa. Mama aliulizwa ana la kujitetea. Alinitazama kidogo, mimi niliyekuwa naandika kumbukumbu za kikao, akasema, “Ghala ni langu.” Basi. Na mkono huu, ndugu zangu, mkono huuhuu, ukaandika mbele ya cheo chake neno “uzembe”.

Mama, alama za pini nne ziko bado mlangoni. Uliziona. Ulijua, ukanistahi mbele za watu, nami nikakuacha ubebe. Leo tunakupa saa ya ukutani na makofi, huku jina lako limechafuka kitabuni kwa mwandiko wangu.

Karatasi yenyewe ya mlangoni hii hapa. Mheshimiwa Mwenyekiti, naiweka mezani kwako. Naomba neno lile lifutwe, na chumba kisivunjwe. Kilichoharibika ni maandishi yangu. Kuta ni nzima.

Nilianza kwa kuwasihi mfiche. Ombi hilo naliondoa. Nikilisafisha jina la Mama gizani, nitakuwa nimelisafisha kwa nani? Semeni, hata kwa mama yangu.

Atakayetaka kunihoji, au kunikabidhi barua ya kufukuzwa, asipande ofisini. Apite lango la nyuma la ghala, afuate bomba la maji mpaka mwisho. Kuanzia kesho, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, nitakuwepo pale na ndoo, namwagilia mchanga.

Kwa masikio yenu na subira yenu, nawashukuru. Mama, nisamehe.