Mwalimu Placidia Bado Anafundisha

Asubuhi hiyo ukungu wa Kayanga uligoma kuondoka. Kwenye benchi la stendi wanywa kahawa walisikia bodaboda kabla ya kuziona. Nolasco alishika kikombe cha kahawa bila kunywa. Alitoka nyumbani na simu ambayo binti yake husomea, na mpaka sasa hakujua amemtendea mtoto wema au ubaya.

— Mzee Nolasco, kahawa inapoa, alisema Redio, dereva wa bodaboda anayejua habari za watu kuliko wenyewe.

— Ni binti yangu, Ainembabazi. Humu ndani ya simu anafundishwa na Mwalimu Placidia.

— Yule tuliyemzika mwezi uliopita?

— Huyo huyo.

Profesa, aliyeishia kidato cha pili, akacheka.

— Si walimrekodi kabla hajaugua? Sauti wameitia kwenye mashine. Ukiuliza, inajibu. Ndiyo masomo ya sasa, bwana!

— Najua. Ila jana mtoto kamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama tumeshatandaza nyasi kwenye migomba. Nani kaiambia mashine nina migomba?

— Karagwe nzima nani hana?

Redio akasogea.

— Mimi nilibeba lile jeneza. Lilikuwa jepesi mno.

— Mtu kaugua vile, ulitaka awe gunia la kahawa?

— Nasema hivi: tulizika mwili, mwalimu akabaki.

— Basi izime, Nolasco, alisema Profesa.

— Niizime vipi? Mtihani wa darasa la saba ni wiki ijayo. Mtoto alikuwa wa mwisho darasani, sasa ni wa pili. Nikiizima nimemharibia. Nikiiacha, mwanangu analelewa na marehemu. Tena nimekosa, ndugu zangu, Mungu anisamehe. Jana huyo mwalimu alifunga somo kwa sala. Nilikuwa mlangoni. Nikaitikia amina.

Safari hii Profesa hakucheka.

Mtu akatokea ukunguni, taratibu, mpaka wakamtambua: Yustus, mume wa marehemu. Wakamsogezea nafasi. Hakukaa.

— Nolasco, nasikia mke wangu yuko kwako.

— Sauti tu, Yustus. Sauti tu.

— Jumamosi tunaanua matanga. Ndugu wanatoka mpaka Kaisho. Nataka kujua kitu kimoja. Yeye anajua kwamba alikufa?

 

Saa ya somo ikawa imefika. Mfukoni mwa Nolasco simu ikawaka, na sauti ya mwanamke, ya upole, ikaita:

— Ainembabazi, mwanangu, mbona leo umechelewa?

Yustus akavua kofia.