Nililala Nikiangalia Ukuta

Bwana asifiwe! Itikieni, ndugu zangu, lakini polepole tafadhali, huyu mtoto amelala na mimi namjua akiamka. Bwana asifiwe tena. Asanteni.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni yule fundi wa pikipiki wa pale stendi ya Uriri, na siku hizi watu wananiita Wuon Akoth, baba yake Akoth. Akoth ndiye huyu kifuani. Ni jina la mvua, maana alizaliwa kukinyesha. Sijasimama hapa kwa sababu najua kuongea. Nimesimama kwa sababu mama yake amenisukuma, na kwa sababu mzee wa kanisa amesema mtu anayesinzia kila Sabato sharti siku moja aeleze kwa nini anasinzia.

Haya, naeleza. Nilichoka.

Akoth alizaliwa kabla ya wakati wake. Alikuwa mdogo, ndugu zangu, kiganja changu kimoja kilimtosha na nafasi ikabaki. Kule hospitali wauguzi walituambia mtoto kama huyu dawa yake ya kwanza ni joto la mtu. Wakatufundisha kile wanachokiita kangaruu: mtoto anavaa nepi, kofia na soksi tu, unambandika kifuani ngozi kwa ngozi, unafunga leso, juu yake blanketi. Asitoke hapo. Mama yake akichoka, nampokea mimi. Mimi nikichoka, anampokea yeye. Watu wawili mnaweza. Tulirudi nyumbani Uriri tukiwa na furaha kabisa, tukajua mambo yamekwisha.

Kumbe! Mshono wa mama Akoth, ule wa upasuaji wa kujifungua, ukaharibika. Homa ikampanda, ikabidi arudishwe hospitali Homa Bay alazwe. Wodi ile ilikuwa ya wagonjwa watu wazima, wakasema mtoto mchanga namna hii ataokota ugonjwa humo, arudi nyumbani. Shemeji yangu akabaki kumuuguza dada yake. Mimi nikarudi Uriri na mtoto kifuani. Mama yangu mzazi alishafariki zamani, ndugu zangu wa kuzaliwa wanatafuta riziki Nairobi. Kifua kikabaki kimoja.

Mkono mmoja haulei mwana. Hiyo methali nilikuwa naisema tu. Sasa nikaiona kwa macho.

Niwaambie ukweli, uchovu sikuwa naujua. Nilifikiri uchovu ni kufungua injini ya pikipiki kwenye jua. Huo ni mchezo. Mtoto kifuani humweki chini. Unamnywesha maziwa kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, yeye anasinzia katikati na wewe pia unasinzia. Unachemsha maji ukiwa naye. Unafua nepi ukiwa naye. Unalala umeketi, umeegemea magunia, na huo si usingizi, ni kupepesa macho, maana unaogopa atateleza. Karakana niliifunga, moshi wa petroli na mapafu ya mtoto haviendi pamoja. Wateja walikuja kunitafuta nyumbani, wakiona koti limevimba wananicheka: "Fundi, umeficha kuku?" Siku moja nilijikuta nimeketi mlangoni nalia machozi kwa sababu kiatu kilikuwa upande wa pili wa chumba. Kiatu!

Na kuomba? Nilijaribu. Nilianza Baba Yetu, nikalala kabla ya kufika kwenye mkate.

Basi pale zahanati yetu kuna kikundi cha wazazi wenye watoto wadogo. Wanakutana nyuma ya jengo, kwenye benchi, chini ya kibati. Anayekiongoza ni nyamrerwa wetu, ndivyo tunavyomwita mama wa kujitolea anayezunguka nyumba kwa nyumba kuangalia afya ya watoto. Alinikuta njiani, akanishika mkono wa shati, akanipeleka. Nilikuwa mwanamume peke yangu. Wale akina mama walicheka hadi watoto wao wakaamka! "Leo tumeletewa mama mwenye ndevu!" Lakini walicheka huku mikono inafanya kazi. Mmoja akanifungulia leso, akaifunga upya, nikagundua kumbe nimekuwa nikijinyonga mgongo bure. Mwingine akachukua nepi zangu akaenda nazo kufua. Walikuwa wanapeana zamu ya kuniletea uji. Kifua tu ndicho hawakuwa nacho cha kunipa, kwa sababu cha kila mmoja wao kilikuwa na mtu wake juu.

Nyamrerwa akaniuliza, "Na mama mkwe wako?"

Benchi zima likaangalia chini. Ninyi wenyeji mnajua kwa nini. Kwa faida ya wageni waliotutembelea leo, nieleze. Kwetu sisi, mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa mbali. Mama mkwe huyo anaitwa maro. Hamshikani mikono. Hamli meza moja. Akija kwako anakuja kwa mwaliko na wenzake, haingii nyumba yako ovyo, sembuse kulala humo. Na kwamba maro akuone kifua wazi? Wuololo! Heri nikutane na nyati wa mbuga ya Ruma. Nami kazi yangu wakati huo ilikuwa ni hiyo, kukaa kifua wazi kutwa.

Nikamwambia nyamrerwa hapana, haiwezekani. Akasema, "Nimesikia." Mjue, mama yule akisema amesikia hajasema amekubali.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mchana, mvua ikaanza ghafla, ile mvua yetu isiyobisha hodi. Nepi zote kavu zilikuwa kwenye kamba nje. Nikamfungua Akoth, nikamlaza kitandani, nikamviringisha blanketi, nikakimbia. Niliporudi nilikuwa nimelowa chepechepe. Nikajua siwezi kumweka kwenye kifua cha maji. Nikaketi kwenye kiti nivue shati nijikaushe kwanza. Shati likafika kichwani.

Hapo ndipo nilipolala, ndugu zangu. Kichwa ndani ya shati. Sijui ilikuwa muda gani.

Kilichoniamsha ni sauti ya nyamrerwa. "Wuon Akoth! Mtoto!" Nikang'oa shati. Blanketi lilikuwa limefunguka, na Akoth amelala wazi, ametulia. Ametulia vibaya. Nilimgusa mguu, ulikuwa baridi kama spana ya asubuhi. Midomo haikuwa na rangi ya midomo. Halii. Nilimshika nikamleta kifuani, lakini mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka, meno yanagongana, nampa baridi juu ya baridi. Nyamrerwa akanipokonya, naye akajishika nguo: zilikuwa zinatiririka maji. Alikuwa ametembea katika ile mvua bila mwavuli.

Mwavuli alikuwa amempa mgeni wake.

Mgeni alikuwa amesimama kule nje kwenye ua wa minyaa, kwa heshima, hajapita lango. Mama mkwe wangu, kutoka Magunga. Nyamrerwa alikuwa amempigia simu bila kunishauri, akampokea barabarani, na kwa kuwa ni mkubwa na ni mgeni, akamkinga na mvua. Pale nyumbani palikuwa na watu wazima watatu, na mkavu mwenye joto alikuwa ni yeye, mtu ambaye hakupaswa kuingia.

Nyamrerwa akaita kwa nguvu zake zote, "Mama! Njoo, mtoto anatuponyoka!"

Niwaambie aibu ya mwanadamu ni kitu gani. Mtoto wangu anaondoka, na mkono wangu ulikuwa unatafuta shati.

Nikasikia mwavuli unaanguka. Nikasikia nyayo kwenye matope, mbio, miguu ya mtu mzima isiyokimbia tena. Kivuli kikafika mlangoni kikasimama. Kidogo tu. Kisha nikasikia anasema, si kwangu, anajiambia mwenyewe, "Nitaulizwa baadaye." Akaingia. Akasema, "Mkwe, geuka uangalie ukuta."

Nikageuka.

Ndugu zangu, ule ukuta nitaukumbuka hadi kaburini. Ni udongo tu, umepakwa na mama Akoth kwa mkono wake, alama za vidole bado ziko. Nyuma yangu nasikia sweta inavuliwa, vifungo, leso inafungwa, nyamrerwa anasema msugue mgongo, taratibu, taratibu. Halafu kimya. Nikangoja. Kimya. Mhubiri ametueleza mara nyingi hapa habari za yule mfalme mgonjwa aliyegeuza uso ukutani akaomba na kulia. Mimi sikuwa na maombi. Niliweka kidole kwenye alama ya kidole cha mke wangu nikasema, "Mungu, mimi basi." Nilikuwa sina neno lingine, nilikuwa nimekwisha.

Kisha kikaja kikohozi kidogo, kama cha paka. Kisha akalia! Bwana asifiwe! Alilia kwa hasira, Akoth wangu, alilia akanitukana kwa lugha yake! Nikataka kugeuka.

"Usigeuke!" Maro akanikemea. "Huyu yuko. Wewe lala."

Nikalala. Pale pale, paji la uso kwenye udongo, nalia na kulala kwa pamoja. Nyamrerwa alinisukuma mkekani nikaangukia huko, uso bado ukutani.

Nilipoamka nilinusa uji wa wimbi. Katikati ya nyumba kulikuwa na kamba ya katani, na juu yake leso imetandazwa, kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma ya leso nilisikia mtu mzima anaimba kwa pua, na mtoto anapumua.

Tuliishi hivyo hadi mama Akoth alipopona. Jioni maro alienda kulala kwa mama mmoja wa kikundi, jirani, mila ikabaki na heshima yake. Asubuhi akaja upande wake wa leso. Wazee wa boma walipouliza, alitoka akawajibu mwenyewe huko nje, nao wakaenda zao. Wakati wa kubadilishana, alimpitisha mtoto chini ya leso, nami nikapokea. Hatukugusana mikono hata mara moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipona, jamani. Nimebaki na usingizi wa deni, ndio mnaouona hapa kila Sabato, mnisamehe.

Kile kikundi bado kiko, nyuma ya zahanati, benchi ni lile lile, na mwenye ndevu sasa si mimi peke yangu. Wewe baba, wewe mama, uliyekaa hapa umepiga pasi nguo na ndani umekwisha, usingoje hadi ulale ndani ya shati. Enda. Watakucheka kidogo, kisha watakufunga leso vizuri. Na ukifika mwisho wa nguvu zako mwambie Mungu, "Mimi basi," na ugeuke ukutani. Yeye hachoki, na ana watu ambao hujawafikiria.

Mama Akoth, simama watu wakuone umepona. Asante. Sasa mpokee mtoto.

Mama mkwe wangu amefika leo kutoka Magunga. Yuko nyuma kule, karibu na mlango, amekaa mahali ambapo sitamwona, na ndivyo inavyofaa. Nina neno moja naye, na siwezi kulisema nikimwangalia. Kwa hiyo mnisamehe, ndugu zangu, nitawapa mgongo kidogo.

Maro, ni mimi mkwe wako. Nimegeuka. Mtoto bado ana joto. Asante.