Uji wa Wodi ya Wazazi

Probox ya abiria kutoka Kibirichia ilipoingia kwenye lami, bibi kizee Ciakuthii alikuwa bado amepakata kibuyu chake kama mtoto mgonjwa. Mutwiri, karani aliyeketi kando yake, alikuwa akikitazama kwa wasiwasi, maana suruali yake ilikuwa imepigwa pasi.

“Shosho, hiyo uji unapelekea nani? Hiyo hospitali siku hizi ni makumbusho. Hakuna mgonjwa.”

“Najua. Wameniomba kibuyu cha kuonyesha watu. Ninawaletea na uji yake.”

“Si wanataka kikiwa tupu?”

Ciakuthii akacheka kwa pua. Tangu lini kibuyu kitupu kikampongeza mzazi?

“Kijana, nilizalia huko kifungua mimba wangu. Mama yangu akaniletea uji kwa miguu, vile desturi yetu inasema. Akafukuzwa hapo kwa geti, eti chakula ya nje ni marufuku. Mimi nikalala huko ndani nikikunywa chai ya rangi, kama mtu hana kwao.”

“Lakini hiyo ni zamani, shosho. Na mama yako mwenyewe si alishafariki?”

“Ndiyo maana ninaleta mimi. Leo itaingia ikiwa imejaa, na nitaikunywa nikiwa nimekaa pale kitanda yangu ilikuwa.”

“Watakukataza.”

“Wajaribu.”

Gari likasimama langoni. Ukutani palikuwa na kibao, na Mutwiri akakisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu aliyeshinda kesi: “Hairuhusiwi kuingia na chakula wala kinywaji.”

“Ukuta wamepaka rangi,” akasema Ciakuthii akishuka, “kibao wameacha.”

Akakaza leso kiunoni, akakiinua kibuyu juu ili askari wa lango akione vizuri, akaanza kutembea.