Jina la Daktari Koki Si la Kuuzwa

Daktari Mirriam Koki Ndolo, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 21 Juni 2025 hapa Lang'ata, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 katika nyumba za reli za Makongeni, Nairobi. Baba yetu, marehemu Mzee Ndolo Muindi, alikuwa karani wa reli. Mama yetu, Muthoki, ambaye ameketi hapa mbele, aliuza mboga sokoni. Koki alikuwa wa pili kati ya watoto watatu. Mkubwa ni kaka Muindi, na kitinda mimba ni mimi, Teresiah Wanza, ninayewasomea. Kamati ya mazishi iliusoma wasifu huu Jumatano ikaniomba nipunguze makali katika kurasa mbili. Nilirudi nyumbani, nikausoma upya, nikaongeza ukurasa wa tatu.

Kabla sijaendelea, wapo wazee wa ukoo walionuna kwa sababu hatukumpeleka Mbooni kwa baba. Koki mwenyewe ndiye aliyetaka azikwe Nairobi. Alisema watu aliowatibia wanyama wao kwa miaka ishirini hawawezi kufunga biashara kutwa nzima na kusafiri mpaka Ukambani. Mkigeuka nyuma mtawaona, wamekuja wengi kuliko ukoo.

Shule alianza mwaka 1978 pale pale mtaani. Alipokuwa darasa la tatu, kuku wa jirani yetu alivunjika mguu. Koki alimfunga kwa rula yake ya shule na kitambaa alichochana kutoka kwenye shuka la baba, jambo lililomtafutia kichapo. Kuku akapona. Krismasi ilipofika, jirani akamchinja na kutualika. Koki alikataa kula hata kipande, akamwomba yule mama, kwa adabu zote, amrudishie rula yake. Alirudishiwa, na aliitumia mpaka darasa la nane.

Alifanya mtihani wa msingi mwaka 1985, akasoma shule ya upili ya bweni Machakos hadi 1989, kisha akaingia Kabete, ambako alihitimu udaktari wa mifugo mwaka 1996. Wapo jamaa zetu waliosikitika wakati huo, wakasema heri angekuwa daktari wa watu. Ni hao hao waliompigia simu kila mara mbuzi wao walipovimba tumbo, na hakuna siku aliyowakumbusha maneno yao. Mimi nawakumbusha.

Alifanya kazi serikalini Kitui kuanzia 1997 hadi 2004. Tarehe 17 Januari 2005 alifungua kliniki yake mwenyewe Huruma, chumba kimoja cha chini kwenye gorofa, karibu na njia ya kuteremkia Mathare. Watu walicheka, wakamuuliza nani Huruma ana mnyama wa kupeleka hospitali. Majibu aliyapata wiki ya kwanza: mbwa wa walinzi, punda wa maji, nguruwe wa bondeni, mbuzi waliomeza mifuko ya plastiki, na paka watatu wa Falis, mwenye duka la nafaka, ambaye panya wangemfilisi bila wao. Mgonjwa akishindwa kuja, Koki alibeba mkoba akamfuata. Dawa ikikataa, alirudi kesho yake kuona kwa nini, kwa sababu ilikuwa kazi yake na jina lake, na kila mtu alijua anakoishi.

Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa na Josphat Kimanzi, mchonga vinyago, katika kanisa letu la Makongeni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Muthoki na Ndolo. Kimanzi ni mtu wa maneno machache, na Koki alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Kliniki ilipofunguliwa, Kimanzi alimchongea kibao cha mvule chenye jina lake lote, kikapigiliwa juu ya mlango. Hicho kibao ndicho kilicholeta maneno wiki hii, na nitafika hapo.

Mwaka 2012 Koki aliwakusanya madaktari sita wengine wa Eastlands, kila mmoja mwenye kliniki yake, wakaunda umoja. Wakampa uenyekiti, akaukalia mpaka kifo. Walinunua friji moja kubwa ya chanjo na jenereta. Mmoja akifiwa, mwingine alisimamia wagonjwa wake. Mmoja akikwama na upasuaji, alipiga simu na mwenzake akaja. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa walisimama wote saba kwenye uwanja mmoja, na mitaa yetu ikakaa salama. Huo ndio uongozi niliouona kwa macho yangu. Haukuwa na bendera kwenye gari.

Kisha ikaja kampuni. Siitaji kwa jina kwa sababu ina mawakili, na mimi nina mdomo tu. Ilianza kuzinunua kliniki ndogo moja baada ya nyingine. Kununua si kosa. Kosa ni kwamba ilinunua na majina. Daktari aliuza, akaenda nyumbani, lakini jina lake likaachwa mlangoni kana kwamba bado yumo ndani.

Daktari Bedan Mureithi wa Makongeni, mmoja wa wale saba, ambaye yuko hapa na amenipa ruhusa kusema haya, aliuza Februari 2020 baada ya kuugua mgongo. Aprili mwaka uliofuata, Shiru, anayeuza chapati karibu na kituo, alimpeleka mbwa wake aliyekuwa ameshindwa kuzaa. Alienda pale kwa sababu ya jina. Ndani alikuta vijana wageni wakamwambia asubiri, daktari anatoka tawi lingine. Jumapili iliyofuata alimkabili Bedan mlangoni mwa kanisa.

"Daks, mbona ulinitupa?" Shiru alimwambia. "Nilikuletea Queenie, wakaniambia ati ningoje. Amededi nikingoja."

Bedan alikuwa ameuza miezi kumi na minne kabla. Alienda Huruma moja kwa moja, akaketi kwenye benchi la wateja wa Koki, mwanaume wa miaka sitini na tatu, akalia. Alisema, "Koki, jina langu linafanya kazi bila mimi."

Kuanzia siku hiyo dada yangu hakutulia. Aliandika ombi la sentensi moja: kila kliniki ya mifugo iandike mlangoni jina la mwenye nayo. Hakuomba kampuni ifukuzwe wala inyimwe leseni. Tarehe 6 Septemba 2021 alilipeleka kwa mheshimiwa mmoja wa upande wetu, likiwa na sahihi za watu mia nne wa Huruma, Mathare na Makongeni. Mheshimiwa alilisoma akiwa amesimama, akasema, "Daktari, hii nimeikubali asilimia mia." Wakapigwa picha wakishikana mikono.

Picha hiyo tuliiona tena mwaka uliofuata, wakati wa kampeni, ikiwa kubwa kama mlango kwenye kuta za Huruma. Ilisema yeye ni rafiki wa biashara ndogo. Koki hakuombwa ruhusa. Ombi lake lilikuwa limelala kwenye droo, na uso wake ukawa unatafutia mtu mwingine kura. Alihudhuria mikutano kumi na moja kuliulizia. Mara mheshimiwa ametoka, mara faili imehamishwa, mara aandike upya kwa Kiingereza. Aliandika upya kwa Kiingereza.

Tarehe 3 Juni 2023 kampuni ilifungua tawi Huruma, hatua mia kutoka kwa Koki. Aliyekata utepe ni huyo huyo mheshimiwa. Koki alivuka barabara na koti lake la kazi, akangoja makofi yaishe, akamuuliza ombi limefika wapi. Mheshimiwa alimshika bega akamwambia maendeleo hayamkatai mtu. Dada yangu alimjibu mbele ya watu: "Mimi sikuomba wafungiwe, mheshimiwa. Niliomba waandike jina lao." Kisha akarudi, kwa sababu alikuwa na mbuzi mgonjwa mezani.

Na sisi wengine tusijifiche nyuma ya mheshimiwa. Wakazi wa Eastlands tuliona rangi mpya na viti vya ngozi, tukahamia ng'ambo ya barabara. Tuliendelea kumsalimia Koki njiani, lakini mbwa tuliwapeleka kwa wengine. Mimi nimo. Paka wangu alichanjwa huko Novemba 2023 kwa sababu palikuwa karibu na steji. Koki alijua, na hadi leo sijui nimuombe nani msamaha. Kati ya zile kliniki saba, nne zimeuzwa. Milangoni bado kuna majina ya watu ambao wako nyumbani wakichunga wajukuu.

Tarehe 18 Februari mwaka huu daktari alituambia kwamba Koki ana saratani ya kongosho na kwamba imeshasambaa. Alikubali matibabu, lakini hakukubali kulala. Aprili alisimamia siku ya chanjo akiwa ameketi kwenye kreti ya soda, akimwelekeza Daktari Norah Adongo, ambaye Koki alimfundisha kazi tangu 2017. Alilazwa tarehe 27 Mei na hakutoka tena. Alituaga Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Jumapili tarehe 15, tukiwa kwenye matanga Makongeni, walifika watu watatu wa kampuni wakiwa na maua na barua. Walitupa pole. Walijitolea kuleta hema, viti, magari na chakula cha mazishi. Barua ilisema wangependa kumuenzi marehemu kwa kuliweka jina lake kwenye tawi lao la Huruma na kukichukua kibao chetu, na kwamba familia ingeshukuriwa ipasavyo. Waliomba pia wasifu uwataje kama washirika wake. Kabla chai haijapoa, mheshimiwa akampigia kaka Muindi kumshauri tukubali, kwani nafasi kama hiyo haiji mara mbili.

Sitamsingizia kaka yangu. Ugonjwa ulikuwa umetukausha, na yeye ndiye aliyekuwa akizunguka huku na huko tangu Februari. Alituita wa nyumbani jikoni, akasema kwa upole, "Koki ameshaenda. Jina limebaki tu pale ukutani. Kama kuna anayelitaka, ubaya uko wapi?" Muthoki, binti ya Koki, alianza kulia. Mimi nilikuwa na la kusema, tena la kelele, lakini shemeji Kimanzi aliinua mkono, na kwa kuwa si kawaida yake, sote tulimgeukia.

Alisema usiku wa tarehe 30 Mei Koki alimwita karibu na mto wa kitanda chake hospitalini na kumwambia: "Nikienda, kile kibao ukishushe kabla hamjanizika. Asije mtu akaingia mlango ule akidhani nimo." Alimwambia pia kwamba kliniki ameshamwandikishia Norah, karatasi ziko kwa wakili, na Norah ataweka jina lake mwenyewe. Kaka Muindi aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Kisha akatoka nje akawarudishia wale watu barua yao. Maua waliyaacha, nasi tumeyaweka kanisani.

Kwa hiyo, mkiona leo hema letu lina viraka na viti havifanani, mjue sababu. Viti ni vya kanisa na vya Falis. Chakula kimepikwa na akina mama wa Makongeni, na chapati ni za Shiru.

Jana Ijumaa saa nane mchana Kimanzi alipanda ngazi Huruma akang'oa misumari aliyoipigilia mwenyewe miaka ishirini iliyopita. Bedan alishika ngazi. Watu walitoka madukani wakasimama barabarani mpaka kibao kilipofika chini.

Katika ratiba mliyonayo, mheshimiwa amepangiwa dakika tano baada yangu. Atakaposimama, tunamwomba asitusimulie jinsi alivyompenda Koki. Atuambie lile ombi liko wapi na litasomwa lini, kwa tarehe. Akimaliza hilo, dakika zitakazobaki ni zake.

Marehemu ameacha mama yake, Muthoki. Mume wake, Kimanzi. Watoto wake, Muthoki na Ndolo. Kaka yake Muindi na mimi mdogo wake. Na madaktari wawili wa umoja ambao bado wanafungua milango yao wenyewe kila asubuhi. Ameacha pia kliniki ya Huruma, ambayo kuanzia Jumatatu tarehe 23 Juni itakuwa na jina la Daktari Norah Adongo mlangoni, kwa kuwa ni yake na atakuwa ndani.

Mungu ampe dada yetu pumziko ambalo sisi, wakubwa kwa wadogo, tulimnyima akiwa hai.